Lenzi Iliyomfuta Mjomba

8 Septemba
Padre amenipa kitubio ambacho sijawahi kukisikia. Nilikwenda kuungama hasira, ileile ya kila mara, akacheka kidogo kule nyuma ya kitambaa. "Mama Happiness, hasira yako naijua kuliko sura yako. Kuanzia leo, kabla hujamwambia mtu neno, kaliandike kwanza. Likilala kwenye karatasi na asubuhi bado linawasha, ndipo ulitamke." Basi nimenunua daftari. Elimu yangu ni darasa la saba, na shule ya sekondari ya Chidya naijua kwa kupita nje tu, lakini kuandika naweza.

Hasira ya leo ni ya lenzi ya kamera yangu ya kazi. Nimeinunua kwa bwana mmoja wa Masasi aliyeacha kupiga harusi. Nzito kama jiwe la kusagia, na mdomo wake mpana unaweza kumeza limau. Alinisifia kweli: "Mama, hii ni ya sura. Mtu anatoka kama yuko kwenye televisheni, nyuma yake kote panakuwa moshi mtupu." Hakuniambia kwamba haijitafutii yenyewe. Zile nyingine unabonyeza, inavuma, inamshika mtu. Hii ni ya kuzungusha pete kwa mkono, taratibu, kama unatafuta stesheni kwenye redio ya zamani.

Nimemjaribia Mwanasha, jirani yangu hapa Newala, mwenye saluni. Mwanasha anaswali swala zote tano, na ulimi wake unachoma kuliko pasi ya nywele. Nikamkalisha kwenye stuli, nikazungusha, nikapiga. Hereni inang'aa mpaka kitundu chake unakiona. Uso umelala usingizi.

"Mama Happiness," akasema, "umenipiga mimi au umelipiga sikio langu?"

10 Septemba
Leo nimeipata pua ya Mwanasha.

16 Septemba
Afadhali. Hii kamera ni ya kisasa, haina kile kioo kilichokuwa kinaruka ndani na kupiga kelele. Unachokiona kwenye kidirisha ndicho kitakachotoka. Kumbe kuna vistari vyekundu: unapozungusha pete vinatembea juu ya mtu kama siafu, na vinapotulia ndipo paliponyooka, pasipo na ukungu. Tena kuna kitufe, ukikibonyeza jicho la mtu linakua mpaka linajaa kidirisha kizima. Unatafuta kope. Kope ikikatika vizuri, zuia pumzi, piga. Ukipumua tu, umelikosa jicho umepata nyusi.

Nimempiga Mwanasha akanyamaza. Mwanasha kunyamaza! Kisha akasema, "Mashallah. Kumbe nilikuwa mzuri hivi na mume wangu ananunia chai."

Vijana wa mjini wenye simu zao wataisoma namba.

28 Septemba
Leo wamekuja watu wa Masasi kumposa Happiness wangu. Tulikutana kijijini Makote kwa kaka yangu Ambrosi, maana kwetu binti hatolewi na baba yake, anatolewa na mjomba. Mume wangu Alfredi alikaa pembeni na kofia magotini, kama kawaida yake, na utani wake uleule: "Mimi ni jogoo wa kuazimwa. Nimeshawika, yaliyobaki ni ya wenye banda."

Kijana mwenyewe ni Joel, fundi umeme, mpole, ana macho ya mtu aliyelelewa. Mama yake alikuja na shangazi wawili wanaokagua hata ukuta.

Kaka Ambrosi alikuwa ameshaketi kwenye kiti chake tulipofika. Kavaa miwani nyeusi. Anasema ni vumbi la salfa, mwaka huu wamepuliza mikorosho mara nyingi na macho yanamwasha. Aliongea vizuri, sauti yake ileile ya kengele. Mwisho akasema, "Nimesikia." Kwetu hilo ni neno la kwanza, maana yake rudini mkasubiri. Neno la pili ni "Chukueni", na bila hilo hakuna padre wala shehe atakayefungisha kitu, maana ukoo hautakuwepo.

Nilipiga picha kwa lenzi yangu, tundu la kupitisha mwanga limefunguka lote, namba 1.4. Happiness na Joel mbele kwenye mkeka, kaka nyuma yao katikati. Nililishika jicho la mwanangu. Nimefika nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta, nikapiga ishara ya msalaba. Tangu nianze kazi hii sijapiga picha nzuri kama hiyo.

6 Oktoba
Niliichapa kubwa, nikaitia fremu ya dhahabu, nikampelekea kaka Makote kwa bodaboda. Leo imerudi. Imefungwa kwenye khanga ya wifi Flora, mke wake, na mwenye bodaboda kapewa maneno ya kusema: "Mzee anasema yeye hayumo. Harusi ifanywe na wanaoonekana."

Nimeiangalia tena. Ni kweli pale nyuma kaka ni kivuli. Lakini ndivyo lenzi ilivyo! Nyuma inakuwa moshi! Angekaa mbuzi angekuwa moshi, angekaa askofu angekuwa moshi!

7 Oktoba
Asubuhi bado linawasha.

12 Oktoba
Nimekwenda Makote. Acha niandike vyote, maana nikivitamka hapa nyumbani Alfredi atakimbilia kwenye uraka, pombe yake ya mabibo.

Nilimkuta kaka chini ya mkorosho wake mkubwa, wanawake wa jirani wamekaa wananyonga mabibo na kutenga korosho, wifi Flora kati yao. Miwani nyeusi usoni, mkongojo mapajani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nani?"

"Nani! Leo sauti yangu huijui?"

"Naijua. Nauliza kwa sababu siku hizi mimi simo. Asiyekuwemo hamjui mtu."

Wanawake wakainamia mabibo yao. Nikajua leo wamepata redio.

"Kaka, ile ni lenzi," nikasema, nikijitahidi. "Ndivyo ilivyotengenezwa. Inachagua mmoja, wengine inawalainisha."

"Inachagua nani?"

"Yule ninayemzungushia."

"Ahaa. Anayezungusha ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi siyo mashine iliyonifuta," akasema, "ni mkono wako."

Wakacheka. Mmoja akasema kwa Kimakonde neno ambalo sitaliandika kwenye daftari lililoanza kwa kitubio.

Nikamwambia nitampiga tena, peke yake, mchana kweupe, aonekane mpaka mvi za masikioni. Akasema hapana. Nikamwambia Happiness analia. Akasema, "Na alie. Baba yake yupo, anaonekana vizuri, amtoe yeye." Nikamwambia baba yake amepiga magoti ya moyo kwako miaka yote hii, leo unamtumia kama fimbo? Akasema watu wa Masasi wamenilewesha na maneno ya kisasa, kwamba siku hizi mjomba ni wa kuwekwa nyuma kama pazia.

"Mama yetu angekuwepo angekuchapa," nikamwambia.

"Mama yetu angekuwepo ungemweka mbele."

Hapo nilishindwa. Nilisema vitu. Nilimwita mzee wa majivuno, anayependa picha kuliko damu yake. Nilimwambia kama anataka kuonekana akasimame mnadani atundikwe kwenye mizani. Wifi Flora hakuinua uso hata mara moja. Sikuagwa. Nilitembea mpaka barabarani, mchanga mwekundu umejaa kwenye viatu, na rozari mfukoni ninaiminya kama mtu anayekamua ndimu.

Mungu wangu, mwezi ni wa Rozari na mimi namchukia ndugu yangu.

15 Oktoba
Jumuiya wamesali kwangu. Tendo la pili la furaha, Maria anakwenda kumtembelea jamaa yake. Nikakaa nimekunja uso.

19 Oktoba
Watoto wa mahafali. Wengi. Lenzi sikuigusa.

23 Oktoba
Mwanasha kasema, "Kaka yako anakukomoa tu. Mtu hagombi na lenzi." Nikamfokea. Kisha nikampelekea ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kuomba radhi, akala yote akasema radhi bado.

2 Novemba
Siku ya Marehemu. Tumefagia makaburi. Kaka Ambrosi alikuja na wifi Flora, wameshikana mikono kama maharusi. Nikajisemea, leo mbele ya kaburi la mama nitashuka mimi. Nikasimama pale kwenye kijia, ufagio mkononi. Akanipita. Amenipita hivi, kanzu yake imenigusa mkono, hakugeuza hata shingo! Mtu anayepita kisiki hukitazama asijikwae. Mimi hata kisiki sikuwa.

Nikasema kwa sauti, "Shikamoo kaka!" Akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Marahaba," akasema, uso ameuelekeza kwenye kaburi la pili. Wifi akamvuta, wakaenda.

Nimerudi nyumbani nimevunja kikombe. Nilikivunja kwa makusudi.

17 Novemba
Happiness amekuja kutoka kwenye shule yake ya chekechea, amekonda. Baba yake Joel amesema mpaka Majilio neno la pili lisipofika, watachukua barua yao kwa heshima. Kanisa limepangwa tarehe 28 Desemba, ukumbi umeshikwa.

"Mama, nenda ukampigie magoti."

"Nimpigie magoti kwa kosa gani? Kwa kupiga picha nzuri?"

"Wewe na picha yako!" akasema mwanangu, ambaye nimemsomesha kwa picha. "Ungefunga hilo tundu kidogo tu, wote tungeonekana. Hata mimi najua."

Nimeandika hili kwa sababu ni kweli. Yule bwana wa Masasi aliniambia ukiliziba tundu umeiua lenzi, nami nikaona raha ya moshi, nikasahau nani amekaa ndani ya moshi. Lakini hata hivyo! Adhabu ya mtoto wangu kukosa mume?

24 Novemba
Joto. Mawingu yanakuja yanasimama juu ya bonde la Shimo la Mungu yanaondoka. Kila mtu mjini ana hasira, si mimi tu.

30 Novemba
Kesho ni Majilio. Leo nilikwenda Makote bila kuitwa, na kamera begani. Sikwenda kuomba. Nilikwenda kumpiga picha kwa nguvu, niichape, niibandike kanisani kama ikibidi, watu wa Masasi waone ana uso.

Wifi Flora alikuwa anatwanga. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Yuko barazani. Nenda, wifi. Mimi nimechoka." Sikujua amechoka na nini.

Kaka hakubishana. Labda naye alichoka. "Piga," akasema, "upige hamu yako iishe." Nikamwambia avue miwani, inarudisha mwanga wa uani. Akakataa. Nikamwambia basi nitapiga miwani, na watu watasema mjomba ni mlevi anaficha macho mekundu. Akaivua.

Nikapiga goti. Nikabonyeza kile kitufe, jicho lake likakua likajaa kidirisha chote. Nikazungusha. Vistari vyekundu vikapanda shavuni, vikafika kwenye kope, vikatulia. Kope zimekatika vizuri, moja moja. Lakini ndani ya jicho ukungu. Nikajua nimekosea, nikarudisha pete nyuma, nikaleta tena mbele. Kope safi, mfereji wa machozi safi, na katikati, pale panapotakiwa kuwa peusi, peupe kama utando juu ya uji uliopoa. Nikahamia jicho la pili. Hilo lina rangi ya moshi wa kuni mbichi.

Lenzi hii ya kuzungusha kwa mkono inakulazimisha umtazame mtu kuliko adabu inavyoruhusu. Ningekuwa na ile inayovuma yenyewe ningeshapiga nikaondoka.

Nikasogea kimyakimya mpaka upande wa nguzo. Uso wake ukabaki palepale nilipokuwa.

"Kaka, mimi niko wapi?"

Kule uani kinu kikanyamaza.

"Toka lini?"

"Toka lini nini?"

"Usinifanye mtoto, Ambrosi."

Sijawahi kumwita jina lake kavu. Akavuta pumzi. "La kushoto toka mwaka juzi. La kulia limeingia ukungu msimu wa salfa wa mwaka huu, nikasema ni salfa. Naona mwanga. Naona mtu akipita, sijui ni nani."

"Na ile picha? Uliionaje?"

"Sikuiona. Nilimuuliza Flora, mimi nimekaaje? Akasema, wewe umekuwa moshi." Akatabasamu, shetani mkubwa! "Nikajisemea, afadhali. Nimepata sababu."

Kumbe picha ilikuwa kisingizio! Wiki zote hizo nimebeba dhambi ya kumfuta ndugu yangu, nimekula nayo, nimekwenda komunyo nayo, na mwenyewe ameishika kama mwavuli, amejificha chini yake. Mwanangu amekonda. Wifi Flora anatwanga huku anajua. Nilimwambia yote hayo. Nilimwambia kwa sauti iliyofukuza hata kuku.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema taratibu, "Agatha, wewe unajua siku ya kumtoa mwali mjomba anafanya nini. Anamshika mkono, anamtoa chumbani, anashuka naye ngazi, anavuka uwanja mbele ya watu wote, mpaka kwenye gari. Wale shangazi wa Masasi wakiniona napapasa hewa? Mjomba asiyeona anaitwa kwenye chakula, haitwi kwenye neno. Mama alipopofuka ulikuwa mdogo, hukumbuki. Walikuwa wanamwekea sahani wanamwambia kuna nyama, wanacheka akitafuta."

Nilikuwa sikumbuki. Lakini hasira haikuondoka, ilibadilisha kiti tu.

"Kwa nini hukwenda hospitali?"

"Nasikia wanalitoa jicho wanaliweka kwenye sahani, wanalisafisha, wanalirudisha. Wakilirudisha limegeuka?"

"Nani kakwambia upuuzi huo?"

"Watu wa mnadani."

"Watu wa mnadani! Korosho zao wenyewe hawajui daraja!"

Hapo nikasema bila kufikiri, na nadhani Roho Mtakatifu alinisukuma maana mimi sina akili ya haraka hivyo. Nikamwambia: Siku ile mimi ndiye mpiga picha. Mpiga picha anatembea kinyumenyume mbele ya maharusi, na kazi yake ni kuwafokea watu. Mjomba simama. Mjomba kushoto. Mjomba inua mguu. Nani atajua? Watasema Mama Happiness anajidai fundi.

Akaanza kuichezea miwani.

"Hutamwambia mtu? Hata mtoto?"

"Hata mtoto. Lakini ukimaliza kumtoa, unakwenda hospitali."

"Baada ya kuvuna mbaazi," akasema.

"Baada ya harusi!"

"Haya. Flora! Wapigie watu wa Masasi. Waambie nimesema, chukueni."

Wifi akalia kwenye kinu. Mimi sikulia. Nilirudi Newala nimekunja uso, Alfredi akauliza vipi, nikamwambia amekubali, akauliza sasa mbona umenuna.

4 Desemba
Mvua ya kwanza. Watu wamekimbilia mashambani na majembe. Newala ukungu mtupu asubuhi, huoni mtu wa pili.

13 Desemba
Nafanya mazoezi ya kutembea kinyumenyume uani. Mwanasha kaniona. "Umepatwa na nini?" Nikasema ni mtindo mpya.

28 Desemba
Nina usingizi lakini nikiacha mpaka kesho nitapunguza.

Matarumbeta yalifika mapema, wamepiga mpaka mabati yanalia. Kaka Ambrosi aliletwa kabla watu hawajajaa, suti nyeusi, miwani nyeusi, kofia. Shangazi mmoja wa Masasi kasema, "Mjomba wenu ana mikogo." Nikacheka na meno tu.

Happiness akatolewa chumbani. Mungu alinipa mtoto mzuri. Kaka akamshika mkono, nami nikawa mbele yao mlangoni, lenzi ileile, kwa sababu Happiness aliitaka mwenyewe, alisema, "Leo nifanye niwe kama kwenye televisheni, Mama." Nikaanza.

"Mjomba! Simama hapohapo! Taratibu! Kizingiti, inua mguu! Hapo! Baki hapo!"

Watu wakacheka. Mwenye video akaniambia, "Mama, wape nafasi." Nikamtazama akatafuta pa kwenda.

"Ngazi ya kwanza, shuka! Simama, tabasamu! Ya pili, shuka! Ya tatu, hiyo ndefu, polepole, namtaka mwali aonekane! Sasa chini tambarare. Njoo kwenye sauti yangu! Kulia kidogo, kuna dimbwi, utaniharibia gauni!"

Nilikuwa natembea kinyumenyume kwenye tope, matarumbeta yananipigia sikioni, koo linapasuka, mkono mmoja kwenye pete. Na pete hiyo inataka utulivu! Inataka pumzi izuiliwe! Kila nikipata kope ya mwanangu ilikuwa imeshapita, wamesogea hatua, nami macho yangu yako kwenye miguu ya kaka. Nilibonyeza tu. Najua nilichokuwa nabonyeza. Hasira ilinijaa, si ya mtu tena, ya kila kitu: mimi mama wa mwali, siku moja tu nimepewa ya kumwona mwanangu akitoka, na nimeitumia kutazama viatu vya Ambrosi.

Akafika kwenye gari. Akaweka mkono wa Happiness mlangoni kama mtu mwenye macho manne, akageuka kwenye umati, akasema kwa sauti ile ya kengele neno la mjomba la kufunga, "Mwenye kuuliza aulize leo!" Vigelegele. Hakuna aliyejua. Mwanasha alikuwa analia mpaka wanja unamwagika.

Kanisani njia imenyooka, na wifi Flora alimweka kwenye benchi la mbele. Hapo nilipiga picha zangu kwa raha, nikapata kope zote.

Jioni Happiness akaninong'oneza kwenye shavu, "Mama, ulitufokea kama gwaride. Siku yangu hii." Nikasema samahani.

30 Desemba
Nimezifungua. Za kanisani ni safi. Za kutoka nyumbani, zote, ukungu. Kuna moja imenyooka: kiatu cha kaka na dimbwi.

4 Januari
Leo tulikwenda Masasi kumwangalia mwali, ndiyo desturi, mjomba anakwenda kuona kama kuku wake amepokelewa bandani. Tulikuwa mimi na kaka na wifi Flora. Njiani nikamkumbusha ahadi ya hospitali. Akasema, "Baada ya mbaazi." Nikamwambia ni mwongo. Akasema magari hayana adabu siku hizi, watu wanagombana ndani.

Mama Joel alitupokea na pilau. Joel na Happiness wanang'aa. Nikatoa albamu. Mama Joel akaifungua magotini, shangazi wawili mabegani mwake kama kunguru kwenye waya. Kanisani, "Ahaa, nzuri." Kula kiapo, "Nzuri." Kisha akafika kule kwa kutoka nyumbani. Akageuza. Akageuza. Akavua miwani yake akaifuta.

"Mama Happiness, hizi ndizo?"

"Ndizo."

"Mbona mwanetu haonekani? Hii ni nguo nyeupe tu inaelea."

Shangazi mkubwa akadakia, "Hata simu ya mtoto wa jirani ingetoa kitu. Na zile kelele zote ulizopiga! Mjomba simama, mjomba shuka! Tulidhani fundi."

"Lenzi imenishinda," nikasema. "Mnisamehe."

"Imekushinda siku ya mwanao?" akasema Mama Joel, na hakusema kwa ubaya, hicho ndicho kiliniuma. Happiness alinitazama, machozi yanamlengalenga, akaangalia pembeni. Aliona aibu kwa ajili yangu. Mtoto wangu mwenyewe. Nami jibu ninalo mdomoni, limekaa palepale kwenye ulimi, na nimeahidi. Nilishika ukingo wa kiti. Nikamtazama kaka kwa hasira ambayo kama angeiona ingemchoma suti. Ameshika kijiko chake, ametulia kama sanamu ya mtakatifu.

Shangazi akaendelea, "Kwa kweli na kazi za watu usizichukue tena, utatukanwa bure—"

"Hebu acha," kaka akasema.

Kijiko akakiweka. Hakukiweka kwenye sahani, kilianguka chini, na hakuinama kukitafuta. Akavua miwani.

"Hakuwa anapiga picha," akasema. "Alikuwa ananiongoza mimi. Mimi sioni. Lile dimbwi, zile ngazi, vyote nilivivuka kwa mdomo wake. Nilimkataza asiseme hata kwa mtoto. Kama kuna mtu wa kusemwa hapa kwa picha hizo, mseme mimi, lakini mje karibu ndiyo nitajua nani anasema."

Hakuna aliyesogea. Shangazi mkubwa alikuwa ameziba mdomo kwa upande wa khanga. Happiness akasema, "Njomba," mara moja tu, kama alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo, akaenda akapiga magoti pale alipo akamshika mikono yote miwili.

Nami? Mtu mwingine angelia. Mimi nilisimama nikamfokea mbele ya wakwe.

"Nani amekuomba? Nani amekuomba, Ambrosi? Nimekaukiwa na koo, nimeharibu harusi ya mwanangu, nimekubali kutukanwa hapa nikiwa na jibu mkononi, ili wewe ubaki mjomba wa watu, na wewe unakuja kuvimwaga vyote kwenye pilau!"

"Ulinipitisha mbele ya watu," akasema kaka. "Sasa nikuache wewe ukwame?"

Mama Joel akainuka. Niliogopa. Akaokota kijiko, akakifuta kwa khanga yake, akamtia mkononi, akamfunga vidole. "Shemeji," akasema, "kuna nyama upande wa kulia kwako. Ipo kweli." Na kisha akawageukia wale shangazi, akawaambia wakalete maji.

Tulipotoka na kufika stendi, ilikuwa imejaa, makondakta wanaita Newala, Newala. Wifi Flora alimshika mkono huu, mimi huu. Kaka akasimama.

"Hilo linaloitwa ndilo la kwetu?"

"Ndilo. Na likituacha tutalala hapa, utajua mwenyewe," nikamwambia, maana nilikuwa bado sijashuka.

"Basi liache liende," akasema. "Tafuta la hospitali. Sina tena ninachomficha mtu."

Nikamwuliza, na mbaazi je?

"Agatha," akasema, "tafuta gari, na ufoke njiani."